Mwaga mkebe wote: namna ya kuzipitia dawa za mzee wako na mfamasia wa mtaani

Bi mmoja wa Kibokoni hapa Mombasa, umri wake miaka 74, aliletwa kwenye famasi yetu na mjukuu wake kununua kitu kimoja tu: dawa ya kupunguza uvimbe wa miguu. Aliketi kwenye stuli, kanga kaifunga vizuri, na miguu imemvimba hadi ukanda wa kiatu umeacha mfereji juu ya unyayo. Sikumuuzia. Nilimwomba mjukuu arudi nyumbani alete kila dawa aliyo nayo bibi, hata ile ambayo haitumii tena. Baada ya nusu saa akarudi na mkebe wa biskuti.

Tuliumwaga juu ya sinia. Mlikuwa na vibahasha vya dawa ambavyo wino wake umefutika kwa kushikwashikwa. Mlikuwa na pakiti mbili za amlodipini, dawa ya presha, za kampuni tofauti na zenye majina tofauti: moja aliandikiwa na daktari wake wa presha, ya pili aliandikiwa kliniki siku alipozidiwa akiwa kwa binti yake Kisauni. Mlikuwa na Lasix, vidonge vya diklofenaki vya maumivu ya goti, Piriton, dawa ya mzio anayoimeza apate usingizi, na chupa ya aspirini ambayo nilipoifungua ilinukia siki. Aspirini inayonuka siki imeshaharibiwa na unyevu, na unyevu ndio hewa yetu hapa Mombasa.

Kisa kilikuwa hiki. Amlodipini huvimbisha miguu, na kadiri dozi inavyopanda ndivyo uvimbe unavyozidi. Bibi alikuwa akimeza dozi mbili kila siku pasipo kujua. Miguu ilipovimba akaandikiwa Lasix ya kutoa maji mwilini. Lasix, kwa kuwa aliimeza jioni, ikawa inamwamsha mara tatu au nne usiku kwenda msalani. Usingizi ukakatika, akaanza Piriton. Usiku mmoja, presha imeshuka na Piriton bado imo kichwani, akakosa kipandio kwenye ngazi za nyumba yake ya Mji wa Kale, zile zilizosimama kama ukuta, akaumia goti. Goti likaleta diklofenaki, nayo diklofenaki huzuia chumvi na maji mwilini, kwa hiyo miguu ikazidi kuvimba. Ndipo akaja kwangu kutaka dawa ya sita.

Simlaumu yeyote aliyemwandikia. Kila mmoja alikiona kipande chake na akakitibu. Ila hakuna aliyewahi kuuona mkebe. Mzee wa Mombasa anaweza kuwa na daktari wa moyo mjini, kliniki ya sukari Coast General, mtaalamu wa mifupa anayemlipa mwenyewe, na mganga wa mitishamba anayemwamini kuliko wote, lakini dawa za dukani akazinunua kwenye famasi ile ile ya kona ya mtaa wake. Njia zote zinakutana pale. Ndiyo maana nasema anza na mfamasia, na hivi ndivyo utakavyofanya.

Hatua ya kwanza: hakikisha unazungumza na mfamasia

Si kila aliyesimama nyuma ya kaunta amesomea dawa. Ingia, toa salamu, kisha uliza waziwazi: "Mfamasia yupo leo?" Kenya, anayeruhusiwa kusimamia famasi ni mfamasia au mteknolojia wa dawa aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya duka hutundikwa mahali pa kuonekana. Itazame. Mwenye leseni halali hachukizwi na mtu anayeisoma.

Usiende jioni. Baada ya magharibi duka hujaa watu wanaotoka kazini, mmoja ana mtoto mwenye homa na mwingine anakimbilia matatu ya mwisho ya Likoni. Omba miadi ya saa nne asubuhi au baada ya adhuhuri, na useme mapema kwamba unataka nusu saa ya kuzipitia dawa zote za mzee. Mfamasia akikuambia hana nusu saa kwa mwezi mzima, tafuta mwingine. Nalisema hili nikijua wenzangu wataudhika, lakini kazi hii haifanyiki mtu akiwa amesimama huku anarudisha chenji.

Hatua ya pili: kusanya kila kitu, na "kila kitu" maana yake ni kila kitu

Watu hukusanya zilizo kwenye kabati na kuona wamemaliza. Tafuta chini ya mto, kwenye pochi, kwenye pindo la kanga alikofunga vidonge viwili vya safari, kwenye shubaka, juu ya friji, kwenye droo ya marehemu mumewe. Ndiyo, ya marehemu. Nimeona wajane wanaomeza dawa za presha zilizobaki za waume zao kwa kuwa "ni zile zile na ni vibaya kutupa".

Zaidi ya vidonge, chukua matone ya macho, dawa za kuvuta za pumu, marhamu, sindano za insulini, vitamini alizoletewa kutoka Dubai, na dawa za kichwa zinazouzwa kwa karatasi mbili mbili dukani. Hizi za kichwa ni za kutazamwa vizuri, maana nyingi zina aspirini ndani na mzee hajui.

Kisha mitishamba. Hapa ndipo wazee wetu hunyamaza, kwa kuwa wameshakaripiwa hospitali. Ifunge mifuko hiyo pamoja na zingine bila kuitolea maneno. Sanamaki ikinywewa kila siku kwa ajili ya choo hupunguza potasiamu mwilini, na kwa mtu anayetumia Lasix, tena akiwa na digoksini ya moyo, upungufu huo unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Karela hushusha sukari. Mtu akichanganya karela na dawa za sukari, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Kuna pia zile chupa za "dawa ya baridi yabisi" zisizo na maandishi yoyote, zinazotuliza maumivu kwa siku moja kama muujiza. Zinazofanya kazi kwa kasi namna hiyo mara nyingine huwa zimetiwa steroidi za viwandani, na steroidi hupandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Mletee mfamasia chupa yenyewe.

Chakula nacho kina neno lake. Andika kama anakunywa madafu kila siku. Dafu lina potasiamu nyingi. Kwa mtu mzima mwenye figo nzuri halina tatizo, lakini kwa mzee mwenye figo dhaifu anayetumia dawa za presha na moyo kama enalaprili, losartani au spironolaktoni, potasiamu inaweza kupanda hadi ikadhuru moyo. Balungi huongeza nguvu za simvastatini, dawa ya kolesteroli, na baadhi ya dawa za presha. Mwenye kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hakatazwi mchicha wala kisamvu, ila kiasi kisiwe leo sufuria na kesho hakuna. Miraa na muguka hupandisha presha na mapigo ya moyo. Mfamasia akijua, hataishia kuongeza dawa ya presha juu ya presha inayopandishwa na majani.

Hatua ya tatu: andika anavyomeza kweli, si ilivyoandikwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nami naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kaa naye siku mbili au tatu. Usimhoji, mtazame tu, na uandike: dawa gani, saa ngapi, ngapi, kwa chai au kwa maji, kabla ya kula au baada ya kula.

Utashangaa. Kibahasha kimeandikwa 1×3, yaani kimoja kutwa mara tatu, naye anameza vitatu kwa mkupuo asubuhi "ili nimalize". Mzee mmoja alikuwa akiamka usiku wa manane kila siku kumeza kidonge cha kolesteroli. Kisa chake kilikuwa tarakimu 9 iliyoandikwa kwenye pakiti. Aliyeandika alikusudia saa tatu usiku kwa saa yetu. Mzee akasoma saa tisa, akatii. Wengine hukata vidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi, na hawasemi kwa kuwa wanaona aibu kwamba pesa hazikutosha. Hilo lizungumze nao faraghani kabla ya kwenda. Mfamasia akijua kuwa tatizo ni bei, anaweza kutafuta dawa ile ile ya kampuni nyingine kwa bei nafuu, na mara nyingi ipo.

Hatua ya nne: mezani

Mzee ndiye mgonjwa, kwa hiyo mzee ndiye wa kuzungumza. Wewe keti nyuma kidogo. Nimeona watoto wanaojibu kila swali kwa niaba ya mama aliye na akili zake timamu, na mama ananyamaza kama hayupo chumbani. Mfamasia atamwamkia, "Shikamoo, bibi", na baada ya marahaba aanze naye. Swali zuri ni "Wiki hii ni siku ngapi dawa zimekupita?" Ukimwuliza "Unameza dawa zako?" kila mtu atajibu ndiyo.

Kuna jambo jingine ambalo watoto hawapendi kulisikia. Mwombe mfamasia abaki na mzee peke yake kwa dakika tano. Wazee wa kiume hununua sildenafili, zile dawa za nguvu za kiume, na hawatalisema hilo mbele ya binti yao hata kwa mtutu wa bunduki. Mtu anayetumia dawa ya maumivu ya kifua ya moyo ya jamii ya nitrati, kama ile ya kuweka chini ya ulimi, akaichanganya na sildenafili, presha yake inaweza kuporomoka akafa. Kina mama nao wana mambo yao ya mkojo unaotoka bila hiari, ambayo hawatayataja mbele ya mkwe. Toka nje, nunua kahawa kwa muuza kahawa, kisha urudi.

Kila dawa ikishikwa mkononi, maswali ni haya manne:

Hii ni ya nini? Kama si mzee, si wewe wala si mfamasia anayejua dawa fulani inatibu nini, hiyo iwe ya kwanza kuulizwa kwa daktari.

Je, iko nyingine ndani ya mkebe inayofanya kazi hiyo hiyo? Usitazame jina kubwa la pakiti. Tazama jina dogo lililo chini yake, ndilo la dawa yenyewe. Brufen ni ibuprofeni, Panadol ni parasetamoli, Daonil ni glibenklamidi. Pakiti mbili zenye rangi tofauti zinaweza kuwa kitu kimoja.

Je, ilianzishwa kutibu madhara ya nyingine? Hiki ndicho kisa cha bibi wa Kibokoni, na kipo kila mahali. Enalaprili huwaletea watu wengine kikohozi kikavu kisichokwisha, mzee akaongezewa dawa ya kikohozi, dawa ya kikohozi ikamletea kusahausahau na choo kigumu, akaongezewa ya choo. Ukimwondolea ya kwanza kwa njia sahihi, zote tatu zinaondoka.

Je, bado inafaa kwa umri wake? Mwili wa mtu wa miaka 75 si ule wa miaka 45. Figo huchuja polepole, maji ya mwilini hupungua, mafuta huongezeka, na dawa kama diazepamu ya kutuliza na usingizi hujificha ndani ya mafuta hayo ikatoka kwa siku nyingi. Dozi ile ile aliyoizoea miaka ishirini sasa inaweza kumlevya.

Katika swali hili la nne mfamasia hafanyi kwa kukisia. Mwaka 1991 daktari wa Marekani, Mark Beers, alitoa na wenzake orodha ya dawa zenye hatari zaidi kwa wazee. Orodha hiyo hadi leo inabeba jina lake na hurekebishwa na chama cha madaktari wa wazee wa huko, mara ya mwisho niliyo nayo ni ya 2023. Ireland walitoa yao mwaka 2008, na yao ina sehemu mbili: dawa za kusimamisha, na dawa ambazo mzee alistahili kuzipata akasahauliwa. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2017 lilianzisha kampeni ya kuzuia madhara ya dawa, na kumeza dawa nyingi kwa pamoja ni moja kati ya mambo matatu lililoyapa kipaumbele. Mwulize mfamasia wako kama anazijua orodha hizi. Ni swali la heshima.

Kwa uzoefu wangu wa kaunta, zinazonishughulisha zaidi hapa kwetu ni chache. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na piroksikamu ziko juu kabisa. Hutoboa tumbo, hupandisha presha, na zikikutana na enalaprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoa, zote tatu hulemea figo kwa pande tatu kwa mara moja, na figo za mzee zinaweza kusimama ghafla, hasa siku anapoharisha au anapokuwa hanywi maji ya kutosha. Kama mzee wako ana dawa ya presha na ya kukojoa, usimnunulie diklofenaki ya goti bila kuuliza. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, vidonge vya miligramu 500 visivyozidi vinane kwa siku, na kwa mzee mwembamba au mwenye ini bovu vipungue.

Ya pili ni glibenklamidi, dawa ya kisukari. Hushusha sukari kwa muda mrefu, na kwa mzee aliyeruka mlo inaweza kumwangusha usiku. Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya dawa muhimu limesema haifai kwa waliopita miaka 60. Bado naiona mkononi mwa wazee wengi, na kila ninapoiona naandika barua kwa daktari.

Ya tatu ni Piriton na amitriptilini, dawa ya sonona, zinapotumiwa kama dawa za usingizi. Mzee anaanza kuropoka, kusahau majina ya wajukuu, kushindwa kukojoa, na nyumba nzima inasema uzee umeingia au amepagawa. Kabla ya kuita maalim wa kusoma, mwaga mkebe.

Hatua ya tano: vipimo vitatu

Presha ipimwe akiwa ameketi na kutulia dakika tano, kisha asimame, ipimwe tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hicho ndicho kizunguzungu chake cha alfajiri anapoinuka kwenda kutawadha. Kipimo cha kukaa peke yake kingesema presha yake ni nzuri.

Sukari, kama ana kisukari au anatumia steroidi.

Tatu ni figo. Wengi wetu wafamasia hatuna maabara, lakini leta majibu ya damu ya miezi ya karibuni na useme uzito wake. Usidanganywe na neno "kawaida" kwenye karatasi. Mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo kreatinini yake, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kujua hali ya figo, inaweza kuonekana kawaida ilhali figo zimeshachoka. Mfamasia atakokotoa kwa umri. Metformini ya kisukari, kwa mfano, hupunguzwa kasi ya figo kuchuja ikishuka chini ya 45, na huachwa kabisa ikifika chini ya 30. Akiwa ameitumia miaka mingi na miguu inamfa ganzi, uliza pia juu ya vitamini B12, maana metformini huipunguza, na ganzi hiyo mara nyingi husingiziwa sukari peke yake.

Hatua ya sita: barua, si kisu

Ukishaona dawa mbaya utatamani kuitupa baharini usiku huo huo. Usifanye hivyo. Mfamasia naye hana ruhusa ya kufuta alichoandika daktari. Kazi yake ni kumpigia simu au kumwandikia. Barua nzuri ni fupi: orodha kamili ya dawa na anavyozimeza kweli, vipimo vya siku hiyo, jambo linaloshukiwa, na pendekezo moja au mawili. Iwe nakala tatu, moja ya daktari, moja ya mzee, moja ibaki dukani.

Kuna dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari kuliko kuendelea nazo. Atenololi na propranololi, dawa za presha na moyo, zikikatwa ghafla, moyo unaweza kushtuka. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, iliyotumiwa kwa wiki nyingi ikikatwa, mwili unabaki bila steroidi yake ya asili na mtu huweza kuzirai. Diazepamu na dawa za kifafa zikikatwa huleta degedege. Hizi hushushwa kidogo kidogo, kwa ratiba iliyoandikwa.

Na ibadilishwe dawa moja kwa wakati mmoja. Ukiondoa tatu kwa siku moja, mzee akipata nafuu au akizidiwa hutajua ni ipi. Kwa yule bibi, daktari wake aliposomewa orodha kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema simamisha ile ya pili leo. Baada ya wiki mbili uvimbe ulikuwa umepungua, akaitoa Lasix. Diklofenaki ikawa parasetamoli na kukanda goti kwa maji moto. Piriton hatukuhitaji kumwambia aache. Alipoanza kulala bila kuamshwa na mkojo aliisahau mwenyewe.

Yapo mambo yasiyongoja barua wala miadi. Choo cheusi kama lami, uso au ulimi kuvimba, kutokojoa siku nzima, kuchanganyikiwa ghafla, kuanguka na kugonga kichwa kwa mwenye kutumia warfarini: hospitali, na mkebe uende naye. Anayetumia dawa za sukari akitoka jasho baridi na kutetemeka, mpe chai yenye sukari nyingi kama anaweza kumeza, na kama anatumia glibenklamidi mpeleke hospitali hata akizinduka, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena masaa mengi baadaye.

Hatua ya saba: panga upya nyumbani

Dawa zilizobaki zifungwe kwenye mambo anayoyafanya kila siku. Hapa kwetu nyakati za sala hazihami sana mwaka mzima, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kwa hiyo dawa ya mara mbili kwa siku inakaa vizuri baada ya alfajiri na baada ya magharibi. Asiyeswali, ifungwe kwenye chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Dawa ya kukojoa iwe ya asubuhi, isiwe ya jioni, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Mwombe mfamasia aandike kwa herufi kubwa na kwa maneno, "asubuhi kidonge kimoja", si kwa namba na alama. Asiyesoma achorewe jua na mwezi.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne mahali palipo chini ya nyuzi 30, na chumba chenye bati mwezi wa Februari si mahali hapo. Kama hakuna friji, iwekwe ndani ya kopo kavu lililofungwa, na kopo liwe ndani ya mtungi wa udongo uliotiwa maji, kivulini. Vidonge visiwekwe jikoni wala bafuni. Vya kwenye kopo vibaki na kile kipakiti chake cha kunyonya unyevu. Zilizoisha muda na zilizosimamishwa zirudishe famasi, usizimwage chooni.

Ratiba yote iandikwe kwenye karatasi moja yenye jina la kila dawa, dozi, saa, inatibu nini, nani aliiandika, na dawa gani zinamdhuru. Ibandike ndani ya mlango wa kabati, piga picha kwa simu, na umtumie kila mtoto, hasa aliye Nairobi au ng'ambo anayetuma vitamini.

Hatua ya nane: lini tena

Mara moja kwa mwaka kwa mzee anayetumia dawa tano au zaidi, na mapema zaidi akianguka, akikonda, akianza kusahau, au dawa mpya ikiongezwa. Akitoka kulazwa hospitali, njoo ndani ya wiki hiyo hiyo, maana ndipo dawa za zamani na mpya huchanganyika nyumbani.

Kwa anayefunga, wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani, si usiku wa mwezi kuandama. Mzee mwenye kisukari anahitaji muda wa kubadilishiwa dawa, kujaribu dozi za futari na daku, na kujifunza kupima sukari mchana, jambo ambalo wanazuoni wengi wameshaeleza kuwa halifunguzi. Wengine daktari atawaambia wasifunge, na nimeona machozi ya mzee akiambiwa hivyo, kwa hiyo mwambieni mapema, mbele ya imamu anayemwamini, akiwa bado na siku za kulizoea. Dawa za kukojoa nazo ziulizwe siku hiyo, kwa kuwa saumu ya joto letu na Lasix ya asubuhi humkausha mtu kabla ya alasiri.